Bwege Aliyekataa Kufundishika: Amri Athumani (King Majuto) Mbele ya Hadhira ya Handeni na Korogwe

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kazi ya Amri Athumani, maarufu King Majuto (1948–2018), mwigizaji wa Tanga aliyeigiza vichekesho na michezo ya kuigiza kwa takriban miaka 60. Anatazamwa kutoka Handeni na Korogwe, wilaya ambazo hadhira yake ilimwona zaidi safarini na vibandani kuliko jukwaani. Inadaiwa kuwa Majuto alimrithi mhusika mpumbavu aliyetengenezwa na sinema ya kikoloni, sinema ambayo makao yake yalikuwa Vugiri, Korogwe, akamgeuza kwa kutumia kanuni za utani. Makala yanahoji pia utoshelevu wa dhana ya mhusika bapa katika kumweleza mwigizaji wa aina hii, na yanagusia suala la umiliki wa kazi zake.

Utangulizi

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Tanga, ikishapita Chalinze, huingia Wilaya ya Handeni na kupita Mkata, kisha hufika Segera inapogawanyika. Mkono mmoja huelekea Korogwe mjini, Mombo, Same na Moshi. Mwingine hupita Hale, ambayo bado ni Wilaya ya Korogwe, kisha Muheza, hadi baharini. Tangu mabasi ya abiria yalipoanza kufungwa runinga nyuma ya kiti cha dereva, wasafiri wa barabara hii wamekuwa wakisafiri na mtu mmoja asiyekata tiketi. Kondakta akiona watoto wanalia na watu wazima wamechoshwa na joto, huweka filamu ya King Majuto. Tarehe 8 Agosti 2018 mtu huyo alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akaagwa Dar es Salaam, akazikwa mkoani kwake Tanga. Njia ya kurudi nyumbani ni hiyo hiyo: Chalinze, Mkata, Segera, Hale, Muheza.

Naanza na barabara kwa sababu uhakiki wetu umezoea kumtazama mwigizaji kutoka mahali anapolipwa na kusahau mahali anapotazamwa. Dar es Salaam ndiko ziliko kampuni za usambazaji, vituo vya runinga na magazeti ya burudani, na humo ndimo historia ya vichekesho inamoandikwa. Siri Lange, katika utafiti wake wa mwaka 2002 kuhusu vikundi vya maonyesho vya jiji hilo, ametuonyesha kwa kina jinsi kichekesho, ngoma, muziki na mchezo wa kuigiza vilivyopangwa katika onyesho moja la jioni. Kabla yake, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walikuwa wametupa, mwaka 1976, kitabu *Fasihi na Sanaa za Maonyesho*, ambacho kizazi kizima cha walimu kilikitegemea. Katika kazi za namna hii kichekesho hujadiliwa kama utanzu. Mwigizaji mmoja mmoja, mwenye mwili wake, sauti yake na umri wake, hajapata nafasi ya kutosha. Mkoa wa Tanga umetuzalia Shaaban Robert, na juu yake tumeandika, kwa haki, kurasa zisizohesabika. Juu ya Amri Athumani, aliyesikilizwa na Watanzania wengi ambao hawajawahi kushika kitabu cha Shaaban Robert, tumewaachia wanahabari.

Sababu moja ya ukimya huo ni ya kimbinu. Tumefunzwa kuhakiki matini, na Majuto hakutuachia matini. Kama wachekeshaji wengi wa kizazi chake, alifaragua: alipewa kisa, akaelezwa nani ataingia na nani atatoka, maneno akayapata papo hapo. Hata pale palipokuwa na mswada, kilichobaki akilini mwa mtazamaji hakikuwa mstari wa mwandishi. Ilikuwa namna Majuto alivyougeuza kichwa kabla ya kujibu. Mhakiki anayetaka kumwendea lazima akubali kuwa matini yake ni mwili, sauti na kumbukumbu ya hadhira, na kwamba matini hiyo haikai kimya kwenye rafu ikimsubiri.

Vugiri, 1935

Milimani juu ya Korogwe, mahali paitwapo Vugiri, ndipo palipowekwa mwaka 1935 makao ya mradi wa sinema ya elimu uliojulikana kwa kifupi kama BEKE. Uliendeshwa na Waingereza wawili, Leslie Notcutt, aliyekuwa ameona maisha ya mashamba makubwa ya Afrika ya Mashariki, na Geoffrey Latham, mtu wa elimu. Fedha zilitoka kwa taasisi ya Carnegie ya New York. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35, nyingi fupi, zilizoigizwa na wenyeji, maelezo yake yakipigwa kwenye santuri. Filamu zilipakiwa katika lori pamoja na vyombo vya kuonyeshea, zikapelekwa vijijini na mijini katika makoloni ya Uingereza ya ukanda huu.

Jambo hili hutajwa katika historia ya sinema ya Afrika kama utangulizi, kisha wanahistoria husonga mbele. Kwa mtu wa Korogwe lina uzito zaidi. Maana yake ni kwamba baadhi ya Waafrika wa mwanzo kabisa kuigiza mbele ya kamera katika nchi hii waliigiza katika milima anayoiona akiwa stendi. Na maana yake, ambayo ndiyo inayotuhusu, ni kwamba mhusika mpumbavu wa filamu ya Kiswahili alizaliwa huko.

Tazama kisa cha mojawapo ya filamu za mwanzo za mradi, iliyohusu benki ya akiba ya posta. Watu wawili wanapata ujira wao. Mmoja anaweka fedha zake benki. Mwingine anazifukia nyumbani, mwizi anamwona, fedha zinakwenda. Muundo wake hauhitaji mhakiki kuufafanua: yupo mwerevu, yupo mpumbavu, na upumbavu una gharama inayolipwa kabla taa hazijawashwa. Mpumbavu huyu anachekesha, lakini kicheko chake ni cha kukopeshwa. Amepewa ruhusa ya kuchekesha ili makosa yake yaonekane vizuri. Kisa kikiisha, ama amejifunza ama ameadhibiwa, na mtazamaji anatakiwa aende nyumbani akiwa amechagua kutofanana naye.

Muundo huo haukufa pamoja na mradi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, sinema za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika zilimtumia kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu, katika nafasi ya mtu wa shamba anayefika mjini na kutapeliwa. Filamu ya *Muhogo Mchungu* ndiyo inayokumbukwa zaidi. Bwege yupo tena, na mjini ndipo darasani kwake. Baada ya uhuru mwalimu alibadilika, darasa likabaki lile lile: mpumbavu wa michezo mingi ya miaka ya 1960 na 1970 alikuwa mvivu asiyelima, au mlevi, au mwenye kuamini uchawi, na alipaswa kutubu kabla ya pazia. Sisemi kuwa michezo hiyo yote ilikuwa mibaya. Nasema ilimnyima mpumbavu kitu kimoja, nacho ni haki ya kubaki alivyo.

Majuto mwenyewe alikuwa akieleza kuwa alianza kuigiza akiwa mtoto wa takriban miaka tisa, mnamo mwaka 1958. Aliingia katika sanaa, kwa hiyo, wakati bwege wa kufundishwa alikuwa ndiye bwege pekee mwenye cheti.

Mtani matangani

Hata hivyo palikuwa na shule nyingine, ya zamani zaidi, na katika Handeni na Korogwe bado haijafungwa.

Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alichapisha katika miaka ya 1940 maelezo marefu kuhusu utani katika Tanganyika. Inapendeza kuwa mtu aliyekuja kuhesabu ndege aliishia kuhesabu watani, lakini mkoani Tanga ni vigumu kuepuka. Wazigua wa Handeni, Wasambaa na Wabondei wanaulizana ukoo kwa mzaha. Mashamba ya mkonge ya Magunga, Ngombezi na Hale yalileta manamba kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na kwingineko. Watu hao, waliokutana wakiwa hawana undugu wala lugha moja ya nyumbani, walijikuta wakiishi kwa Kiswahili na kwa utani. Utani ulikuwa njia ya kumtukana mgeni bila kumfukuza.

Kilele cha utani ni matanga. Niliwahi kuhudhuria matanga katika kijiji kimoja cha Handeni, mbali kidogo na barabara kuu, ambapo mtani wa marehemu alivaa koti la marehemu, akashika mkongojo wake, akapita mbele ya wafiwa akikohoa kama yeye, akidai madeni aliyokuwa akiwadai majirani. Wajane walicheka huku wakilia. Hakuna aliyedhani kuwa mtani yule alikuwa akimfundisha mtu chochote. Alichokuwa akifanya ni kumrudisha mtu mzima, pamoja na ubahili wake na kikohozi chake, kwa muda wa kutosha kumuaga. Makosa ya marehemu hayakuonyeshwa ili yaepukwe. Yalionyeshwa kwa sababu yalikuwa yake.

Huyu ndiye mwigizaji ninayemwona nyuma ya Majuto. Mzee wa Majuto, yule aliyemcheza kwa majina mengi katika filamu nyingi, ana kasoro zinazojulikana: ni bahili, anapenda wasichana wasiolingana na umri wake, anajifanya mkali, ni mwoga, anaamini kila anayemsifu na hamwamini yeyote anayemshauri. Kwa muundo wa Vugiri, mzee wa namna hii angepaswa kuibiwa, kuaibishwa na kutubu. Kwa Majuto anaibiwa na kuaibishwa mara nyingi ajabu, lakini toba haiji. Filamu ikiisha bado ni bahili. Katika filamu inayofuata anaanza pale pale. Kichwa cha filamu kama *Mume Bwege* kinaahidi somo, na hadhira niliyoketi nayo ndani ya basi haikuwa ikilisubiri somo hilo. Ilikuwa ikisubiri kuona bwege wao atapitaje safari hii.

Jina lake la kisanii lina kejeli inayostahili kusimamiwa kidogo. Methali inasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ni methali ya mwalimu: fanya ujinga leo, utajuta kesho. Mwigizaji aliyejipa jina hilo alijenga maisha yake yote juu ya mtu asiyejuta. Kisha akaongezewa neno la Kiingereza la kifalme mbele yake, akawa mfalme wa kitu ambacho hakukifanya hata mara moja. Sijui kama ni bahati au ni akili. Wahakiki tukikuta jina kama hilo katika riwaya hatukubali kuwa ni bahati.

Je, ni mhusika bapa?

Istilahi tuliyo nayo kwa mhusika asiyebadilika ni mhusika bapa, na mizani yake inajulikana: bapa ni mwembamba, duara ni mpana, bapa hutabirika, duara hushangaza. Tukimpima mzee wa Majuto katika filamu moja, hakika ni bapa. Lakini kipimo hicho kinadhani kuwa mhusika anaanza na kuisha ndani ya kazi moja. Mwigizaji aliyecheza mtu yule yule kwa miongo hadithi yake haimo katika kazi moja. Hadhira ya Korogwe ilimjua mzee huyo kabla ya filamu kuanza. Ilijua alivyokuwa na sauti kali ujanani, ikaona alivyokonda, ikaona magoti yalivyoanza kumkatalia. Upana wa mhusika ulikuwa katika kumbukumbu zao, na kila filamu ilichota humo.

Ndani ya basi kutoka Segera niliwahi kuacha kutazama runinga nikawatazama abiria. Majuto aliingia sebuleni katika nyumba ya watu, hajasema neno. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la machungwa mapajani alikwisha kucheka. Alicheka kwa sababu alijua mzee huyo ataketi kwenye kiti kisicho chake, na alipoketi, mama akamwonya kwa sauti, kama anavyoonywa mtani: ondoka hapo, utafukuzwa. Riwaya hutumia sura nyingi kumfikisha msomaji mahali pa kumwonya mhusika. Majuto alimfikisha mama huyu hapo kwa kuvuka mlango.

Tofauti hii ya kipimo inasaidia pia kueleza upande wake wa uzito, ambao husahaulika. Alipopewa nafasi ya baba mwenye msiba, au ya mzee aliyetelekezwa na wanawe, Majuto hakuvaa mtu mwingine. Alimpunguza yule yule. Aliondoa kelele, akaondoa mikono, akaacha sauti ya kukwaruza peke yake, na kwa kuwa hadhira ilijua kelele zilizokuwepo, ukimya wake ulisikika. Mwigizaji asiye na historia hiyo hawezi kupata ukimya wa namna hiyo kwa kunyamaza tu.

Kuhusu lugha yake nasema machache, ingawa kwa jarida hili pangestahili makala nzima. Alizungumza Kiswahili cha Tanga bila kukiomba radhi. Wachekeshaji wengi huchekesha kwa kuigiza lafudhi ya watu wengine: Mmakonde, Mhindi, Mmasai. Majuto alipata kicheko kutoka katika lafudhi yake mwenyewe, na si kwa sababu ilikuwa kasoro. Mzee wake hutukana kwa adabu: huanza na heshima, hutaja ukoo, huuliza hali, kisha katikati ya salamu huachia tusi ambalo mlengwa hulitambua akiwa amekwisha kuitikia marahaba. Wazigua wanaliita jambo hilo utani, na katika mabasi ya Handeni ndio hucheka wa kwanza.

Mzee na sharobaro

Katika miaka ya mwisho ya muongo wa kwanza wa karne hii na mwanzoni mwa wa pili, Majuto aliigiza pamoja na kijana wa Muheza, Hussein Mkieti, maarufu Sharo Milionea. Pacha hii ndiyo iliyonifanya niamini kuwa mpumbavu wa Vugiri alikuwa amekwisha kuzikwa. Sharo alicheza kijana wa mjini, mwenye nywele, miwani, mwendo wa kuringa na maneno ya kukatwa katwa. Kwa muundo wa zamani, mmoja wao angekuwa mwerevu na mwingine mpumbavu: ama mji unamtapeli mzee wa shamba, ama busara ya mzee inamrudi kijana. Walichofanya ni kuwaweka mabwege wawili uso kwa uso bila hakimu. Kijana anadhani usasa wake ni ngao, mzee anadhani umri wake ni ngao, na wote wawili hawana fedha. Hapakuwa na mtu wa kuibeba benki ya posta.

Katika mazungumzo yao huonekana pia ukarimu wa Majuto kama mwigizaji. Alikuwa ndiye mkubwa kwa umri na kwa jina, na angeweza kuumeza kila onyesho. Mara nyingi alimwachia kijana neno la mwisho, yeye akabaki na sura. Sharo Milionea alifariki katika ajali ya gari tarehe 26 Novemba 2012, wilayani Muheza, kwenye barabara hii hii ninayoizungumzia. Baada ya hapo Majuto aliigiza na vijana wengi, wengine hodari, lakini sikuona tena akitulia kiasi kile mbele ya mwenzake.

Upande usioteteeka

Itakuwa si haki kumsifu mtu huyu kana kwamba kila alichokitia mkono kilikuwa kizuri. Filamu nyingi za miaka yake ya mwisho zilitengenezwa haraka haraka, zikavutwa ili zitoshe sehemu ya kwanza na ya pili, na kisa ambacho kingemalizika kwa dakika 20 kikaburutwa kwa saa mbili. Kosa hilo ni la soko kabla halijawa lake. Lakini kuna jambo moja la uhariri linalomdhulumu moja kwa moja. Silaha kubwa ya Majuto ilikuwa kuchelewa. Aliambiwa neno, akatazama pembeni, akarekebisha kitu ambacho hakikuhitaji kurekebishwa, ndipo akajibu. Mhariri asiye na subira humkata hapo hapo katikati ya kuchelewa na kutuletea sura ya mwigizaji mwingine, au humwekea mlio wa kuchekesha ili tujue kuwa tunapaswa kucheka. Mlio huo ni mwalimu wa Vugiri aliyerudi kwa mlango wa nyuma.

La pili ni zito zaidi, na sitaki kulifunika kwa utani. Wanawake katika filamu hizi mara nyingi ni chambo. Wanaingia ili mzee awatamani, au ili awapige, na kipigo hicho huchezwa kwa ajili ya kicheko. Mtu anaweza kudai kuwa mzee ndiye anayechekwa, na katika filamu zake bora ni kweli: tamaa yake inamvua nguo yeye. Katika nyingine kamera yenyewe inatamani pamoja naye, na hapo bwege hana tena hadhira ya kumwona bwege. Utani una sheria, na mojawapo ni kwamba mtani hujibiwa. Mwanamke aliyeandikwa bila ulimi hawezi kuwa mtani wa mtu. Waigizaji wa kike waliokuwa na uzoefu na kasi ya kutosha kumjibu Majuto walimfanya kuwa bora mara dufu, na ni hasara kwamba waandishi wa visa hawakuwaleta mara nyingi zaidi.

Kicheko ni cha nani?

Mwaka 2018, alipokuwa mgonjwa, Majuto alipelekwa India kwa matibabu akarudi, na katika miezi hiyo nchi iligundua kwa mshangao kile ambacho wasanii walikuwa wakikijua: kwamba mtu ambaye uso wake uliuza bidhaa na filamu kwa miaka mingi hakuwa na kipato kinacholingana na uso huo. Suala la mikataba yake lilifika kwa waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, na mikataba ya wasanii ikawa mjadala wa kitaifa. Rais John Magufuli alimjulia hali hospitalini Muhimbili wiki moja hivi kabla ya kifo chake. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na sheria hiyo inamtambua mtendaji wa sanaa. Lakini mwigizaji anayefaragua ana tatizo ambalo mwandishi wa riwaya hana. Maneno aliyoyabuni yeye mbele ya kamera huingia katika filamu bila jina lake kama mtunzi. Analipwa, kama akilipwa, kwa siku aliyosimama pale. Utunzi wake unachukuliwa kama hewa.

Hapa ndipo njia inarudi Vugiri. Walioigiza katika filamu za BEKE walikuwa na sura, miili na, bila shaka, maneno yao wenyewe. Nyingi za filamu hizo zimepotea. Zinazojulikana kusalia ni chache, zinahifadhiwa Uingereza, na ni zile za mafunzo ya mifugo, minyoo ya safura na kilimo cha Kingolwira. Kisa cha mpumbavu aliyefukia fedha tunakijua kwa muhtasari wa waliomwajiri, katika kitabu walichokichapisha mwaka 1937. Jinsi mtu yule alivyotembea, alivyofukua shimo na kulikuta tupu, na kama watazamaji wa milimani walicheka kabla ya kipande kile au baada yake, hayo yamekwenda. Yeye alichekesha kwa niaba ya benki.

Amri Athumani hakupotea kwa namna hiyo. Tatizo lake ni kinyume: yupo kila mahali bila mpangilio. Mwaka huu nilipita stendi ya Korogwe kutafuta filamu zake kwa ajili ya makala haya. Katika kibanda kimoja kijana anayejaza filamu kwenye flashi aliniuliza namtaka Majuto yupi, wa zamani au wa juzi. Nilisema wote. Alifungua kompyuta yake, na mbele yangu ikatokea orodha ndefu ya mafaili yenye jina moja na namba: Majuto 1, Majuto 2, Majuto 3, hadi yalipovuka 60. Hapakuwa na kichwa cha filamu, mwaka, wala mwongozaji. Baadhi yalikuwa kipande kimoja kilichorudiwa. Nilipomwuliza ipi ni nzuri hakusita. Aliniambia nianze na namba 14, ambayo mzee anakaa sana bila kusema kitu.